Macho Kwenye Kizibo

Kwa miaka tisa Mwalimu hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani kabla ya kuniuliza habari za Minza. Namwamkia, anaitika marahaba nusu nusu, halafu papo hapo: "Umemwona?" Nikijibu bado, ndipo anakumbuka kwamba nina mume na watoto, na kwamba mama yangu anasumbuliwa na miguu. Wapo waliodhani Minza ni mwanawe aliyepotea. Hakuwa mwanawe. Alikuwa mtoto ambaye Mwalimu alimpima masikio mara moja tu, kabla hajatimiza miaka miwili, akaandika kwenye daftari kwamba anasikia. Kisha wazazi wakahama naye kufuata dhahabu, na tangu hapo Mwalimu hakuwa na amani na alama ile aliyoiweka.

Jina lake sitaliandika, maana hata yeye hakupenda litajwe. Mjini Shinyanga walimu ni wengi, lakini ukisema Mwalimu wa Masikio, dereva yeyote wa bodaboda alijua akupeleke wapi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kituo kimoja cha afya, kati ya stoo ya vyandarua na choo cha wagonjwa. Humo alitufundisha vijana sita kwa mwaka mzima: kupima masikio ya watoto, kukaa na mwenye kigugumizi, kumfundisha kutamka mtoto aliyeshonwa mdomo uliopasuka, na kuzungumza na mzazi ambaye mwanawe ametimiza miaka minne hajawahi kusema "mama." Mashine ya kupimia ilikuwepo moja. Ilipelekwa Dar es Salaam kurekebishwa nikiwa na miezi miwili pale, na mpaka leo ninapoandika haya haijarudi.

Kwa hiyo tulipima kwa kopo la kahawa lenye mchele ndani. Mwanzoni lilikuwa kibuyu kidogo chenye punje za mtama, tena kilitoa sauti nzuri zaidi. Lakini tulipokwenda Maganzo, kwa wachimbaji wadogo wa almasi, akina mama walimwona na kibuyu chake wakajua ni mganga. Mchimbaji mmoja alipanga foleni na wenye watoto, na zamu yake ilipofika akamwomba Mwalimu akakitikise juu ya shimo lake, kwa kuwa halijatoa kitu tangu mvua za mwaka jana. Mwalimu alinuna wiki nzima. Halafu akanunua kahawa ya kopo, ambayo hakuinywa kwa sababu ya presha, akatugawia sisi tuinywe haraka ili kopo libaki tupu.

Upimaji wenyewe ni rahisi kuueleza. Mama anampakata mtoto. Mmoja wetu anakaa mbele yao, anazungusha kizibo cha soda juu ya sahani ya bati mpaka mtoto atulie. Kizibo kinaposimama, mwenzake aliye nyuma, hatua moja kutoka sikioni, anatikisa kopo taratibu. Anayesikia atageuka. Asiyesikia ataendelea kungoja kizibo. Kazi ngumu ni ya huyu aliye mbele, kwa sababu hatakiwi kumtazama aliye nyuma hata kwa kope. Mtoto asiyesikia anaishi kwa kusoma nyuso za watu. Ukiinua macho tu umeshamwambia ageuke, naye atageuka, nawe utaandika kwamba anasikia. "Macho kwenye kizibo!" ndiyo amri niliyoisikia kuliko zote maishani mwangu, na mimi nimelelewa na mama wa amri.

Alikuwa mkali, tusidanganyane. Na ukali wake ulikuwa na vituko vyake. Kulikuwa na kijana muuza vitunguu wa Kahama, mwenye kigugumizi kizito, aliyekuja kwa sababu wanunuzi walikuwa wanaondoka kabla hajamaliza kutaja bei. Mwalimu alikaa naye asubuhi nzima akimsubiri amalize sentensi moja, mikono mapajani, uso umetulia, hamsaidii neno wala hamharakishi. Nikamwonea wivu kijana yule. Maana mchana wa siku hiyo hiyo nilianza kumweleza Mwalimu kwa nini nimechelewa, sijafika hata nusu, akanikata: "Fupisha." Sisi wenye ndimi nzima hatukuwahi kumaliza sentensi mbele yake.

Jambo lililomletea lawama kuliko yote ni kibao alichokitundika mlangoni, kimeandikwa kwa mkono wake: HUMU NDANI HAKUNA SHIKAMOO. Katika nchi ya Wasukuma, ambako binti anapiga goti kumwamkia mkubwa kabla hajajua kula mwenyewe! Bibi mmoja wa Bukombe, Mkatoliki wa kushika rozari muda wote, alimvuta mjukuu wake kutoka chumbani na kusema kwa sauti ya kusikika hadi dawa zinakotolewa: "Mwalimu gani anayefundisha watoto kukosa adabu?" Na huyo huyo Mwalimu, nje ya chumba chake, muuguzi akimpita bila kumwamkia alimrudisha. Nilimuuliza siku moja kama haoni kwamba anajipinga. Akasema, "Nje wanamwamkia mtu. Humu ndani heshima inanificha mtoto."

Alikuwa na maana yake. Mtoto wa kwetu aliyefunzwa vizuri hamkodolei macho mkubwa, hajibu kwa sauti, haulizi, anainamisha kichwa na kutulia. Mtoto asiyesikia naye ametulia. Ukiwaweka kwenye mkeka mmoja, utawasifu wote wawili. Ndiyo maana alitukaririsha: "Mpole, mpime mara mbili." Mama akiingia na kusema mwanawe ni msumbufu, hakai, anapiga kelele, Mwalimu alitabasamu. Mama akisema, "Huyu wangu hana neno, Mwalimu, hajawahi kunisumbua," tuliuona mkono wake ukienda kwenye kopo.

Utafiti wake, ambao leo hakuna anayeutaja, ulikuwa kwenye madaftari. Tulikuwa tumeletewa kadi za picha za kupimia lugha, na majibu yote yalitakiwa yawe ya Kiswahili. Mtoto wa kijijini, ambaye nyumbani hajasikia Kiswahili ila kwenye redio, anaonyeshwa picha ya kuku, anajibu "ngoko," na karatasi inamwandika hana neno hilo. Watoto wazima kabisa walikuwa wanaandikwa wamechelewa kuongea. Mwalimu akazifungia kadi kabatini. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli, kuandika watoto wa Kisukuma wa miaka miwili wanasema nini hasa, wa miaka mitatu wanasema nini. Nilimfuata miezi mingi. Alijaza madaftari makubwa kumi na moja. Wageni wa utafiti wakaja, wakayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, wakamshukuru sana, wakasema watarudi na majibu. Naona aibu kusema kwamba tuliwapikia wali kuku.

Na sisi sita? Mmoja anapima masikio ya wanaoomba kazi migodini, wenye kasoro wanarudishwa nyumbani. Mwalimu alimwita hakimu, na si kwa utani. Wawili wanauza simu na vocha. Mmoja yuko bandarini, mmoja alifariki. Wa sita ni mimi, niliyekaa miaka minne kisha nikahamia Katoro, kwenye zahanati, kupima uzito wa watoto. Nilisema nimefuata mume, na ni kweli mume nilimfuata. Lakini ukweli mwingine ni kwamba sikuweza tena kukaa kwenye kile kiti cha mbele.

Maana siku ya Minza aliyekaa mbele nilikuwa mimi.

Tulikuwa kwenye zahanati moja nje ya Ushirombo, nina miezi minne tu kwenye mafunzo. Foleni ya akina mama ilizunguka jengo, na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mama Minza aliingia, akamwinamisha mtoto kichwa, "Mwamkie Mwalimu," na kale katoto kakapiga goti sakafuni, kakainama, midomo ikacheza. Tuliyeyuka sote. Nikazungusha kizibo. Mwalimu akazunguka nyuma na kopo lake. Na hapo shingo yangu ikafanya ilichofundishwa tangu utoto: mkubwa akitokea, unainua macho kidogo, unainama kidogo, unaonyesha umemwona. Halikuwa jambo la kufikiri. Minza akayafuata macho yangu, akageuka, akamwinamia Mwalimu kwa adabu. Upande wa kulia vile vile, wa kushoto vile vile. Mwalimu akaweka alama. Mimi nilijua macho yangu yameponyoka, na sikusema. Nilikuwa mgeni, nilimwogopa, na nilijiambia mtoto kama huyu, mzuri hivi, lazima anasikia.

Mwezi uliofuata tulirudi Ushirombo na Mwalimu akamwita Minza kabla ya watoto wote. Hayupo. Kulikuwa na rashi mpya, dhahabu imeonekana porini upande wa Geita, na nusu ya kijiji ilikuwa imeifuata na vyungu, magodoro na kuku. Hapo ndipo lilipoanza lile swali lake. Kila tulikokwenda, kila ilikozuka rashi, Mwalimu aliingia kati ya vibanda vya maturubai akiulizia Mama Minza wa Ushirombo. Alioneshwa Minza wengi, maana jina si la mtu mmoja. Aliwapima wote. Kibao cha shikamoo alikitundika mwaka huo huo. Sikuelewa kwa nini amemshuku mtoto yule mmoja kati ya mamia, na nilikaa kimya nikiomba asimpate, na nikiomba ampate.

Mwaka jana, siku ya kliniki, mwanamke aliingia zahanati Katoro na kitoto cha miezi minane. Kilikuwa kimebebwa mgongoni na binti wa miaka kumi na moja hivi, mrefu, safi, nywele zimenyolewa. Binti akapiga goti mbele yangu. Midomo yake ikaumba neno shikamoo, barabara kabisa, na sauti haikutoka. Mama yake akamgusa bega ili ampe mtoto.

"Anaitwa nani huyu mkubwa?" nikauliza.

"Minza," akasema. Kisha akanitazama vizuri. "Eh! Wewe si wale wa kopo?"

Nilitaka kusema hapana.

"Nilikuwa naulizia mko wapi," akasema, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Maana haongei, dada. Neno hata moja. Kila mtu ananiambia huyu hasikii, nikawa nawabishia, nawaambia nyie hamjui, wataalamu walimpima wakasema anasikia. Nikaona basi ni kiburi. Namwita hageuki, nachapa. Shuleni hajibu, mwalimu anachapa. Baba yake anachapa. Tumemchapa huyu mtoto, mpaka shule wakamrudisha wakasema akili nzito." Akamfuta Minza vumbi begani. "Lakini ana adabu. Hilo siwezi kulalamika."

Niliandika uzito wa yule mdogo. Sijui niliandika ngapi.

Jumapili nikapanda basi hadi Maganzo, ambako Mwalimu anaishi kwa wifi yake tangu astaafu. Chumba chake Shinyanga kimemezwa na stoo ya vyandarua, na madaftari yako chini ya kitanda chake, mengine yameshaguswa na mchwa. Nilimkuta uani anachambua mchele. Sikumbuki kama nilimwamkia.

"Umemwona?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimemwona, Mwalimu."

Vidole vyake vikaendelea kutafuta mawe. Nikamweleza yote, kipigo na shule, na kwa mara ya kwanza maishani hakuniambia nifupishe. Nilipofika mwisho nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena.

"Siku ile nilikutazama, Mwalimu. Ulipokuwa nyuma yake. Mara zote. Aligeuka kwa macho yangu, siyo kwa kopo. Wewe hukukosea, ni mimi."

"Nilikuona," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nilikuona mara ya kwanza na mara ya pili, ng'wanawane, mwanangu. Nilitakiwa kukutoa kwenye kile kiti, nimweke mwingine, nianze upya. Nikatazama nje nikaona foleni, na mvua inakuja. Nikasema moyoni nitamrudia mwezi ujao. Nikaweka alama ili ukurasa usibaki na pengo." Akaweka ungo chini. "Mkaguzi hakupenda mapengo."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii!"

"Ungeacha kazi."

"Si niliacha!"

"Uliacha," akasema, na akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na hakujua kulia kwa heshima kama wazee wengine. Alilia kwa kelele, wifi yake akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna msiba. Nami nililia, na mle ndani ya kilio nilimchukia kidogo, kwa kuwa alikuwa ameniachia nijibebee peke yangu kitu ambacho tungeweza kukibeba wawili. Nadhani na yeye alinichukia.

Siku mbili baadaye nikawa nimekaa naye kwenye kibanda cha Mama Minza, nyuma ya mashine za karasha zinazosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa. Tulisubiri mpaka saa saba, wanapozizima ili wale. Mwalimu alikuwa ameniambia njiani mambo yote: shule ya watoto viziwi iko mbali, nafasi hamna, na mtoto aliyefika umri huu bila lugha yoyote, ya mdomo au ya mikono, hawezi kurudishiwa kilichopita. Ataandika barua hata hivyo. Lakini kabla ya barua alitaka kumpima. Nikamwambia, "Mwalimu, jamani, kila mtu anajua." Akasema, "Alama yangu bado iko kwenye daftari. Siwezi kuifuta kwa maneno ya watu."

Minza alipiga goti, akatuamkia kwa midomo yake isiyo na sauti. Mwalimu hakuitika. Akatoa kwenye mkoba sahani ya bati, kizibo, na lile kopo, limepata kutu kwenye mdomo. Akanipa sahani. Mama Minza alikaa pembeni na kitoto mapajani, akitutazama mmoja baada ya mwingine.

Nikazungusha kizibo. Minza akakitazama, mkubwa hivyo, akatabasamu kama mtoto mdogo. Mwalimu akajivuta nyuma yake, magoti yakimlia. Nilimwona akija pembeni mwa jicho langu, mkubwa wangu, na shingo yangu ikataka kuinuka. Nikaikaza. Kizibo kikayumba, kikalala. Mimi nikabaki nacho.

Kopo likatikiswa taratibu. Kisha kwa nguvu. Kile kitoto mapajani kiligeuza kichwa, kikanyoosha mkono kulifuata. Mama Minza aliona, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Minza hakugeuka. Mwalimu akahamia upande wa pili, akatikisa tena. Nilihisi macho ya yule binti yameacha sahani na kuja usoni kwangu, yakizunguka, yakiuliza ageukie wapi ili atufurahishe. Mimi nilikuwa natazama kizibo.